Kufuatilia Ushiriki Katika Hojaji ya Mtandaoni Kabla Haijafungwa

Anayefungua hojaji ya mtandaoni huanza kila asubuhi kwa kutazama namba moja, ile iliyo juu ya ukurasa wa msimamizi, inayoonyesha majibu mangapi yameingia. Namba hiyo hupanda tu, haishuki, na kwa sababu hiyo humtuliza mwenye utafiti hata pale ambapo alipaswa kuwa na wasiwasi. Nilijifunza hilo katika hojaji ya walimu wa sekondari niliyoisimamia miaka kadhaa iliyopita. Kila siku niliandika jumla kwenye daftari, nikaituma kwa wenzangu, tukapongezana. Hojaji ilipofungwa ndipo tulipogawanya majibu kwa maeneo, tukakuta kwamba shule za pembezoni, ambazo ndizo zilizotufanya tuanzishe utafiti ule, zilikuwa karibu hazimo. Wakati huo hapakuwa na la kufanya tena, ilhali wiki mbili kabla yake meseji chache na simu kadhaa zingeweza kubadili hali.

Mwongozo huu unahusu kipindi hicho ambacho hojaji bado iko wazi na kosa bado linarekebishika. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: tuseme tuna orodha ya walimu 800, kati yao 500 wako katika halmashauri ya mji na 300 katika halmashauri ya wilaya iliyo jirani, na hojaji itakaa wazi kwa siku 21. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe rahisi kufuatwa.

Mambo ya kuweka sawa kabla kiungo hakijatoka

Ufuatiliaji huanza kabla mtu yeyote hajajibu, kwa kuwa baadhi ya mipangilio haibadiliki tena hojaji ikishawashwa. Katika LimeSurvey, programu huria ambayo taasisi inaweza kuiweka kwenye seva yake yenyewe, mambo matatu huamuliwa hapo mwanzo: kama majibu yatatenganishwa na utambulisho wa aliyejibu, kama tarehe na saa ya kujibu itahifadhiwa, na kama muda uliotumika kwenye maswali utapimwa. Ukisahau kuwasha kipengele cha tarehe, majibu yako yote yaliyokamilika yatasoma kwamba yalitumwa tarehe 1 Januari 1980, nawe hutaweza kujua yapi yalikuja kabla ya kikumbusho na yapi baada yake. Anayetumia KoboToolbox, programu nyingine ya kukusanya majibu, ahakikishe fomu yake inarekodi saa ya kuanza na saa ya kumaliza, akikumbuka kwamba saa hizo hutoka kwenye simu ya mjibuji, na simu yenye tarehe isiyo sahihi itatoa muda usio sahihi. Google Forms ni nyepesi kuliko hizo zote, lakini ina upungufu ambao lazima uukubali mapema: msimamizi huona jibu pale tu mtu anapobonyeza kitufe cha kutuma. Aliyefika swali la kumi na mbili akaacha, kwako ni sawa na ambaye hakufungua kabisa, na muda aliotumia kujibu hauhifadhiwi.

Linalofuata ni kigawanyo. Majibu 240 hayana maana yoyote mpaka ujue ni 240 kati ya wangapi, kwa hiyo andaa orodha ya walioalikwa yenye safu za mambo unayoyajua kuwahusu kabla hawajajibu, kama vile halmashauri, jinsia, aina ya shule na njia uliyotumia kumfikia. Taarifa hizo ndizo zitakazokuwezesha kumwelewa asiyejibu, kwa kuwa yeye mwenyewe hatakuambia chochote. Pale ambapo huna orodha, kwa mfano kiungo kikiwa kitasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, tafuta walau idadi ya jumla ya kila kundi kutoka chanzo kinachoaminika, na uandae kiungo tofauti kwa kila njia. LimeSurvey inaweza kuhifadhi alama uliyoiambatisha mwishoni mwa kiungo. Google Forms huruhusu kiungo ambacho swali moja limekwisha kujazwa, na swali hilo laweza kuwa ni njia ambayo mtu amepitia. Bila hivyo hutajua kamwe kama bango lenye msimbo wa QR lilileta mtu hata mmoja.

Gawa hojaji katika kurasa fupi, maswali matano au sita kwa ukurasa. Programu zinazohifadhi majibu ya nusu huweka kumbukumbu ya ukurasa wa mwisho ambao mtu alifika, na kama maswali yote umeyarundika kwenye ukurasa mmoja, kumbukumbu hiyo haitakusaidia kitu. Futa pia majibu yote ya majaribio kabla ya kufungua, maana majibu kumi na tano ya wafanyakazi wenzako yaliyosahaulika huharibu kila asilimia utakayoipiga baadaye.

Mwisho wa maandalizi ni ridhaa. Kufuatilia nani amejibu ni kuchakata taarifa binafsi, hata kama huoni alichojibu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Waeleze watu kwenye ukurasa wa kwanza, kwa lugha ya kawaida, kwamba utaweka alama kwa waliokwisha kujibu ili usiwasumbue kwa vikumbusho, na kwamba alama hiyo haiunganishwi na majibu yao. Kisha hakikisha kwamba ndivyo ilivyo. Neno «siri» likiandikwa kwenye hojaji ambayo kumbe inaunganisha jina na jibu, huo ni udanganyifu, na mwalimu mmoja akigundua habari itafika shule zote kabla ya jioni.

Jedwali la kila siku

Huhitaji programu ya gharama. Jedwali moja la kawaida la kompyuta linatosha, lenye mstari mmoja kwa kila siku na safu za mambo yafuatayo: walioalikwa, mialiko iliyorudi bila kufika, waliofungua ukurasa wa kwanza, walioanza kujibu, waliomaliza, na kisha waliomaliza katika kila kundi unalolijali. Acha safu ya mwisho iwe pana, kwa ajili ya matukio. Humo utaandika kwamba siku hiyo kikumbusho kilitumwa, au umeme ulikatika mji mzima, au mitihani ya mock ilianza. Baada ya miezi mitatu, wakati wa kuandika ripoti, safu hiyo itakuwa na thamani kuliko nyingine zote.

Jaza jedwali saa ileile kila siku. Ukisoma Jumatatu asubuhi na Jumanne usiku, umelinganisha nusu siku na siku na nusu, na kupanda utakakokuona kutakuwa ni kwa saa tu, si kwa watu. Hapa pana mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Seva nyingi huandika saa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu, na KoboToolbox huandika hivyo saa ya jibu kupokelewa. Jibu lenye alama ya 05:10 kwenye faili lilifika saa 2:10 asubuhi kwa saa zetu. Lililofika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku litahesabiwa siku iliyotangulia, na majibu ya saa hizo si machache unapowauliza watu wanaosubiri vifurushi vya usiku ili watumie intaneti kwa bei nafuu. Chagua saa moja ya kutumia, ongeza saa tatu pale inapobidi, na uandike uamuzi huo juu ya jedwali ili msaidizi wako asije akaongeza tena.

Kuhusu mialiko iliyorudi, kishawishi ni kuiondoa kwenye kigawanyo ili asilimia ipande. Usifanye hivyo haraka. Mwongozo wa AAPOR, chama cha Marekani cha watafiti wa maoni ya umma, hutofautisha mtu ambaye imethibitika kwamba hahusiki na utafiti na mtu ambaye hali yake haijulikani. Namba ya simu isiyopatikana haithibitishi kwamba mwenyewe ameacha ualimu. Huenda amebadili laini. Aliyestaafu mwaka jana ndiye wa kuondolewa, na sababu iandikwe.

Kusoma mwenendo wa majibu

Hojaji nyingi zilizotumwa kwa orodha huanza kwa kishindo. Majibu mengi huingia saa ishirini na nne hadi arobaini na nane za mwanzo, kisha hushuka, kisha hupanda tena kidogo kila kikumbusho kinapotoka. Kushuka siku ya tatu si jambo la kukutia hofu. La kukutia hofu ni siku ya kwanza kuwa kimya. Hilo likitokea, acha kutafakari, chukua simu ya kawaida isiyo ya bei kubwa, zima Wi-Fi ya ofisini, washa data, na ufungue kiungo kilekile walichotumiwa watu, kama mtu asiyejulikana na mfumo. Mara nyingi sababu hupatikana hapo hapo: kiungo kimekatwa katikati na meseji, ukurasa unadai mtu aingie kwanza na akaunti ya Google kwa sababu ulichagua kila mtu ajibu mara moja tu, au picha ya nembo ni kubwa mno kiasi kwamba ukurasa haufunguki kwa mtandao wa polepole.

Watu wakiwa wanafika lakini majibu hayaingii, tenganisha hatua mbili. Gunther Eysenbach, katika orodha yake ya kuripoti hojaji za intaneti iliyochapishwa mwaka 2004 na inayojulikana kama CHERRIES, alitofautisha kiwango cha ushiriki, yaani waliokubali kuanza kati ya waliofika ukurasa wa kwanza, na kiwango cha ukamilishaji, yaani waliomaliza kati ya waliokubali kuanza. Mgawanyo huo ni wa ripoti, lakini mimi huutumia kama dawa ya kila siku. Kiwango cha kwanza kikiwa chini, tatizo liko kwenye ukurasa wa kwanza: maelezo ni marefu, hayasemi nani anauliza wala kwa nini, au yanatisha. Kiwango cha pili kikiwa chini, tatizo liko ndani, na safu ya ukurasa wa mwisho uliofikiwa itakuonyesha mahali penyewe.

Nitoe mfano wa karibu. Katika hojaji niliyokwisha kuitaja, watu wengi walikuwa wakiishia ukurasa wa pili. Nilipoufungua kwa simu nikaona mambo mawili. Swali la kwanza liliomba cheki namba, yaani namba ya mtumishi katika malipo ya mishahara, ambayo kwa mtumishi wa umma ni kama kuombwa asaini. Swali lililofuata lilikuwa jedwali la mistari tisa na safu tano, ambalo kwenye kioo cha simu lilikatwa upande wa kulia, na safu ya «nakubali sana» ilikuwa haionekani mpaka usogeze ukurasa kwa kidole. Cheki namba hatukuihitaji kwa lolote. Iliwekwa na mtu aliyezoea fomu za ofisini, nasi wote tuliipitisha bila kuuliza.

Jumla na makundi yake

Turudi kwa walimu wetu 800. Siku ya nne asubuhi jedwali linaonyesha majibu 240, sawa na asilimia 30, na yeyote angesema mambo yanakwenda vizuri. Yagawe: mjini wamejibu 204 kati ya 500, karibu asilimia 41, wilayani wamejibu 36 kati ya 300, asilimia 12. Ukiendelea hivyo hivyo, hojaji yako itakuwa ni hojaji ya walimu wa mjini yenye jina la walimu wote, na kila siku jumla itakapopanda ndivyo kosa litakavyozidi kujificha.

Kwamba wingi hauponyi upungufu wa namna hii lilionekana wazi Marekani mwaka 1936, gazeti la Literary Digest lilipotuma kadi milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais. Kadi zaidi ya milioni 2 zilirudi, gazeti likatabiri kwamba Alf Landon atashinda, na Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametoka kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na walionyamaza. Kadi milioni mbili hazikuweza kusema kwa niaba ya mtu ambaye hakurudisha ya kwake.

Kwa hiyo weka lengo la kila kundi, siyo la jumla pekee, na uligawe kwa siku zilizobaki. Tukitaka asilimia 50 ya walimu wa wilayani, tunahitaji 150. Wamefika 36, bado 114, na ukiacha ya leo zimebaki siku 17, yaani karibu 7 kwa siku. Sasa kila asubuhi una swali lenye jibu: jana walifika saba au hawakufika? Wakifika watatu kwa siku tatu mfululizo, usingoje wiki iishe. Piga simu kwa watu watano au sita wa kundi hilo, si kuwasihi wajibu, bali kuwauliza kama mwaliko uliwafikia na kama ulifunguka. Simu hizo chache hufundisha kuliko takwimu zote za ukurasa wa msimamizi. Utasikia kwamba barua pepe uliyotumia ni ile ya shule ambayo nywila yake anayo mtu mmoja, au kwamba mtandao unapatikana mlimani tu baada ya kazi.

Vikumbusho

Kikumbusho kitumwe kwa ambaye hajajibu peke yake. Katika LimeSurvey, jedwali la washiriki lina safu zinazoonyesha nani ametumiwa mwaliko, amekumbushwa mara ngapi na kama amemaliza, hivyo mfumo wenyewe unawaacha waliomaliza. Mwalimu aliyekwisha kutumia nusu saa ya muda wake na bando lake kukujibu, kisha akapokea ujumbe wa kumwambia hajajibu, hudharau kazi yako, na ana haki. Kama kiungo chako ni cha wazi na huwezi kujua nani amejibu, anza kikumbusho kwa shukrani kwa waliokwisha kujibu.

Vikumbusho viwili au vitatu vinatosha kwa siku 21, na kila kimoja kiwe tofauti na kilichotangulia kwa saa, kwa njia au kwa maneno. Kama mwaliko ulikwenda kwa barua pepe Jumatatu saa tatu asubuhi na kundi fulani likanyamaza, kurudia barua pepe ileile Jumatatu inayofuata saa tatu asubuhi ni kugonga mlango ambao umekwisha kuona haufunguliwi. Jaribu meseji ya kawaida jioni. Ujumbe waweza kuwa hivi:

«Ndugu Mwalimu, wiki iliyopita tulikutumia hojaji kuhusu mazingira ya kazi katika shule za sekondari. Jibu lako halijatufikia. Kujibu huchukua dakika 9 kwa simu, na hatuulizi jina wala cheki namba. Ukiwa hupendi kushiriki, jibu HAPANA nasi hatutakusumbua tena.»

Baada ya hapo huja kiungo. Dakika 9 zilizotajwa humo zisiwe za kukisia: chukua muda uliotumiwa na waliokwisha kumaliza, upange kutoka mdogo hadi mkubwa, na uchukue ule ulio katikati kabisa. Usitumie wastani, kwa kuwa mtu mmoja aliyefungua hojaji asubuhi akaimaliza jioni huuvuta juu kupita kiasi. Ujumbe huu pia unazidi herufi 160, kwa hiyo utatozwa kama meseji mbili au tatu kulingana na urefu wa kiungo. Hesabu gharama hiyo mapema. Na kama meseji zako hutoka kwa jina la taasisi badala ya namba, mpokeaji hawezi kuzijibu, na ahadi ya HAPANA inakuwa ya uongo. Weka namba anayoweza kuiandikia.

Kuna njia moja ya kupandisha majibu ambayo naipinga kwa moyo wote, nayo ni kumpa mkuu wa shule au mkubwa wa idara orodha ya wasiojibu ili «awahimize». Majibu yatapanda siku hiyohiyo, hilo sina shaka nalo. Lakini ridhaa itakuwa imekufa, na majibu yenyewe yatakuwa ya mtu anayejua mkubwa wake anafuatilia. Orodha ya nani amejibu ibaki kwa mtu mmoja au wawili wa timu. Ripoti ya maendeleo inayotoka nje ionyeshe halmashauri, si shule, hasa pale shule ina walimu wanne na kutaja kwamba watatu wamejibu ni sawa na kumtaja wa nne kwa jina.

Majibu yasiyo ya kweli

Kila siku chache, tenga muda wa kukagua namna majibu yalivyoingia. Tafuta aliyetumia chini ya theluthi moja ya muda wa katikati, yaani chini ya dakika 3 katika mfano wetu, na aliyechagua safu ileile kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Tafuta pia msururu wa majibu yaliyofuatana kwa sekunde chache usiku wa manane. Zawadi ya vocha kwenye kiungo cha wazi huvuta watu wasiohusika, na mara nyingine programu za kujaza fomu. Ukiona hivyo, funga kiungo cha wazi mara moja, kisha uhamie kwenye misimbo ya mtu mmoja mmoja.

Lakini usifute majibu kwa sababu tu yametoka kwenye anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa au mtandao kwenye intaneti. Mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na walimu kumi wa shule moja wanaotumia kompyuta ya ofisi ya taaluma nao wataonekana kama mtu mmoja. Aliyefuta majibu hayo atakuwa amewafuta wale wale wa pembezoni aliohangaika kuwapata. Weka alama ya shaka kwenye safu ya pembeni, acha jibu lilipo, na uamuzi wa kuliondoa ufanywe na watu wawili baada ya hojaji kufungwa.

Usiyopaswa kuyagusa

Unapofuatilia ushiriki, angalia nani anajibu, usiangalie anajibu nini. Programu nyingi huonyesha chati za majibu papo hapo, nazo huvutia. Anayezitazama kila siku hufika mahali akatamani kufunga hojaji siku ambayo matokeo yanampendeza, au kuongeza siku pale yasipompendeza, na wakati mwingine hufanya hivyo bila yeye mwenyewe kujitambua. Mpe mtu mmoja kazi ya kuandaa jedwali la ushiriki, na wachambuzi wakae mbali na majibu mpaka siku ya kufunga.

Maswali pia yasibadilishwe katikati. Kosa la tahajia laweza kusahihishwa, na swali la lazima linalowakwamisha watu laweza kufanywa la hiari, mradi saa ya badiliko iandikwe kwenye safu ya matukio. Kubadili maneno ya swali au mpangilio wa majibu ni jambo jingine: waliojibu kabla na waliojibu baada hawakuulizwa swali moja, na huwezi kuwajumlisha. Ikibidi kabisa, ongeza swali jipya na uliache la zamani lilivyo.

Siku za mwisho

Kanuni ya kuongeza muda iandikwe kabla ya kufungua, kwa mfano: hojaji itaongezwa siku saba mara moja tu, iwapo kundi lolote liko chini ya asilimia 35 siku ya 19. Kanuni ya namna hiyo hukulinda wewe na huwalinda wasomaji wa ripoti yako.

Tangaza saa ya kufunga kwa namna isiyo na utata. Ukiandika «saa 6 usiku tarehe 30», nusu ya watu wataelewa usiku wa kuamkia tarehe 30 na nusu wataelewa usiku wa kuamkia tarehe inayofuata, na wote wana hoja. Andika «tarehe 30, saa 5:59 usiku», kisha uweke saa hiyo hiyo kwenye mfumo ukikumbuka zile saa tatu za UTC.

Saa arobaini na nane kabla, watumie ujumbe wa mwisho wale walioanza bila kumaliza. Hao wamekwisha kukubali, na wengi wao walikatizwa na bando au kengele ya kipindi. Wakati huo huo amua, na uandike, jibu la nusu litahesabiwa kuanzia swali la ngapi. Baada ya kufunga, pakua faili zima mara moja, libadilishe jina kwa tarehe ya siku hiyo, nakala moja uihifadhi bila kuigusa, na kwenye mstari wa mwisho wa jedwali uandike kwa kila kundi walioalikwa, waliothibitika kutohusika, walioanza na waliomaliza.